Barazani kwa Somo: Nililiongezea joka uhai ili mume wangu alimalize

Shikamoo Somo,

Mimi ni mke wa mtu, nina miaka 31, naishi Ngamiani hapa Tanga. Kila Jumamosi baada ya Isha, saa mbili hadi saa tano usiku, tunakaa watu watano barazani kwa mama mkwe tunacheza Dungeons & Dragons kwa kanuni za mwaka 2014. Kwa wasioujua: mmoja anasimulia na kuendesha maadui na ulimwengu wote, waliobaki kila mmoja ana mhusika wake kwenye karatasi, na jambo lenye shaka huamuliwa kwa dadu, hasa ile ya pande 20. Msimulizi ni mimi. Tulianza levo ya 1 miaka minne iliyopita. Sasa wote wako levo ya 15, na tuliapizana kufika 20, mwisho wa ngazi.

Mume wangu anacheza askari. Shemeji, mdogo wake, anacheza mchawi, ingawa pale nyumbani tunamwita "mwanazuoni" ili mama mkwe asishtuke akipita na birika la kahawa. Jirani yetu anacheza tabibu, na binti wa mama mdogo anacheza mdokozi.

Levo za mwanzo mume wangu ndiye aliyekuwa nguzo. Kuanzia levo ya 13 hivi mambo yamegeuka. Shemeji anafungua kila pambano kwa uchawi wa daraja la 7 tunaouita Kizimba. Unamfungia adui ndani ya nguvu isiyoonekana kwa saa nzima, na adui hapewi hata dadu ya kujinusuru. Nikipanga safari ya siku kumi porini, anawahamisha wote kufumba na kufumbua. Nikificha siri, anaichungulia kwa uchawi tuliouita Kioo. Pambano moja linakula saa mbili na nusu, maana tabibu huanza kusoma karatasi zake zamu ikishamfikia. Wakimaliza wanalala, na Jumamosi inayofuata wanaamka na nguvu zote. Siku moja tukirudi nyumbani mume wangu akaniambia, "Mimi pale ni mbeba mikoba." Jumamosi mbili zilizofuata hakuja, akasingizia zamu ya usiku bandarini.

Basi mwezi uliopita nikafanya jambo. Niliwaletea joka jekundu lililokomaa, pointi za uhai 256. Mzunguko wa pili tu lilikuwa taabani na zamu ilikuwa ya shemeji. Kimoyomoyo nikaliongezea 150. Likaishi mizunguko miwili zaidi, hadi upanga wa mume wangu ulipoliangukia, nami palepale nikatangaza limekufa. Somo, ungemwona! Alisimama juu ya jamvi. Wiki nzima aliwasimulia wenzake kazini, na tangu hapo hajakosa Jumamosi.

Tatizo ni kwamba shemeji ni mtunza stoo, kila namba anaiandika kwenye daftari. Wiki iliyofuata alinifuata jikoni, akanionyesha jumla yake: 398. "Shemeji, joka la kitabuni lina 256. Hili lilikuwa la wapi?" Nikacheka, nikasema majoka hayalingani. Hakubisha. Lakini sasa anacheza kama mtu anayelipa deni, na daftari haji nalo tena.

Mwezi wa 12 anahamia Mwanza kikazi. Tumebakiwa na Jumamosi 16. Nimepiga hesabu: kutoka levo ya 15 hadi ya 20 kila mmoja anahitaji pointi 190,000 za uzoefu, na joka kama lile linatoa 18,000 za kugawana watu wanne. Ni zaidi ya majoka 42! Hatufiki. Na tukifika levo ya 17 shemeji atapata uchawi wa Tamanio, unaotimiza atakalo. Hapo mimi nitakuwa na kazi gani tena?

Nimewaza kuimaliza hadithi hapa ilipofika, au turudi levo ya 1 na wahusika wapya, au nimpunguzie shemeji uchawi. Na lile la joka je? Nikimwambia shemeji ukweli, mume wangu atajua. Nikinyamaza, naona namdhulumu kijana wa watu. Nishauri.

Msimulizi, Ngamiani

*

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara mbili, kwa sababu ina fundo ndani ya fundo. La nje ni la kanuni: mhusika mmoja amewameza wenzake na muda unakimbia. La ndani ni la watu: umetoa zawadi kwa siri, na aliyeigundua siri ni yule ambaye zawadi ilipita juu ya kichwa chake. Niruhusu nianze na la nje. Si kwamba ndilo zito, ila uliliongezea joka uhai kwa kuamini kwamba bila msaada wako mume wako hawezi tena kung'ara, na imani hiyo nataka tuipekue kidogo.

Kuna sentensi uliyoiandika kwa kupita tu: "Wakimaliza wanalala, na Jumamosi inayofuata wanaamka na nguvu zote." Yaani Jumamosi moja ya barazani ni siku moja ya hadithi. Nani aliamua hivyo? Nadhani hakuna. Saa tatu zinatosha pambano moja, watu wanapiga miayo, kwa hiyo wahusika nao wanalala. Levo ya 3 mazoea hayo hayaumizi sana. Levo ya 15 ndiyo yanayompa mwanazuoni kiti cha enzi.

Tazama hesabu yake. Mwanazuoni wa levo ya 15 ana nafasi 18 za uchawi kwa siku, kila uchawi ukila moja: nne za daraja la 1, tatu za la 2, tatu za la 3, tatu za la 4, mbili za la 5, halafu moja moja za la 6, la 7 na la 8. Pambano la kawaida huisha ndani ya mizunguko mitatu hadi mitano. Akipewa pambano moja kwa siku anatumia nafasi nne zilizo bora, la 8, la 7, la 6 na la 5, kisha analala na akiba ya nafasi 14. Hajawahi kubana matumizi. Askari wa levo hiyo anapiga mapigo matatu kila zamu, liwe pambano la kwanza au la nne, na upanga hauna nafasi ya kuisha. Nguvu yake ni kudumu, na wewe hujawahi kumpa siku ndefu ya kudumu ndani yake.

Kuna zaidi. Ile kasi ya ziada ya askari, inayompa tendo la pili ndani ya zamu moja, hurudi baada ya mapumziko mafupi ya saa moja. Siku ya pambano moja anaitumia mara moja. Siku ya mapambano matatu yenye mapumziko mafupi mawili katikati anaitumia mara tatu. Mwanazuoni naye hurudishiwa kitu kwenye mapumziko mafupi, lakini mara moja tu kwa siku, nafasi zenye jumla ya madaraja 8, na hakuna inayozidi daraja la 5. Kizimba ni la 7. Hakirudi hadi alale.

Na kulala kuna sharti ambalo meza nyingi hulisahau: mapumziko marefu ya saa 8 hayamfaidishi mtu zaidi ya mara moja ndani ya saa 24. Walioamka alfajiri wakapigana saa mbili asubuhi hawawezi kujilaza saa nne wakadai nguvu zimerudi. Usijaribu kuwazuia kwa kuwavamia usingizini kila mara. Levo hii wana njia za kujificha mahali pasipofikika, na mtachoshana bure. Kinachowazuia ni saa inayokimbia: meli inang'oa nanga magharibi, mateka anauawa jua likizama. Wakilala, wamepoteza kitu, na wao wenyewe wanajua.

Kwa hiyo moja ya njia zilizo mbele yako ni siku moja ya hadithi ichukue Jumamosi tatu, kila Jumamosi pambano moja na mambo mengine. Hatari zake? Watu wanasahau nani amebakiwa na nini. Kabla hamjaondoka saa tano, piga picha karatasi zote tano kwa simu, yako pia. Na tabibu ataishiwa, kwa hiyo kuna mtu anaweza kufa kweli. Uchawi wa kumfufua aliyekufa ndani ya siku 10 unataka almasi ya dhahabu 500, nayo huteketea. Hakikisha wanajua gharama hiyo mapema, isije ikaonekana umeanza kuwakomoa.

Wacheza bao watanielewa upesi. Kwenye namua unaingiza kete moja moja, una 22 mkononi na ubao bado mwepesi. Zikiisha mkononi mnaingia mtaji: kete zote 64 ziko chini, na mkono mmoja waweza kuzunguka ukapindua kila kitu. Anayecheza mtaji kwa akili ya namua analiwa. Ninyi mko mtaji tangu levo ya 11.

Sasa Kizimba chenyewe. Umesema hakina dadu ya kujinusuru, na ndiyo maana ile kinga ya joka, ya kugeuza kushindwa kuwa kushinda mara tatu kwa siku, haikukusaidia. Kinga ile inafanya kazi pale penye dadu ya kujinusuru tu. Uchawi wa kufuta uchawi nao hauking'oi. Lakini kizimba cha nondo ni futi 20 kila upande, kinawekwa ndani ya futi 100, na kinafunga mahali pamoja. Ukileta adui mmoja mkubwa amekaa katikati ya ukumbi, umemjengea shemeji goli lisilo na kipa. Majoka yako, samahani, ni kama usemi wetu wa Tanga: waja leo, waondoka leo. Leta joka na wafuasi watatu waliosambaa, mmoja anachoma daraja, mwingine anakimbia na sanduku. Kizimba kitamfunga mmoja wao, na shemeji atalazimika kuchagua, jambo ambalo nadhani hajalifanya muda mrefu. Pia joka jekundu huruka futi 80 kwa zamu na moto wake hufika futi 60. Halina sababu ya kutua chini kungoja kuzingirwa na watu wanne.

Kumpunguzia uchawi ni njia nyingine. Kanuni zilizorekebishwa mwaka 2024 zenyewe zimekitia Kizimba sharti la umakini, yaani mwenye kukishikilia hawezi kushikilia uchawi mwingine wa namna hiyo, na kila akiumizwa anarusha dadu asije akakiachia. Mnaweza kuliazima sharti hilo peke yake bila kubadilisha kitabu kizima. Ila tazama wakati wenyewe. Umetoka kuongeza pointi 150 gizani, sasa unataka kupunguza uchawi mchana. Mtu wa daftari ataunganisha mambo hayo mawili kabla hujamaliza sentensi. Kama utaigusa njia hii, afadhali pendekezo litoke kwake, na nafikiri laweza kutoka, maana kushinda kila mara nako kunachosha.

Safari, yaani ule uchawi wa kuwahamisha kufumba na kufumbua, na Kioo usivipige marufuku, kuna kanuni zake huenda mmeziruka. Uchawi wa Safari unawachukua yeye na watu 8 wasiozidi. Na una jedwali la dadu ya 100. Mahali wanapopafahamu sana, 1 hadi 5 ni ajali. Mahali walipopaona mara moja tu, hata kupitia Kioo, 1 hadi 43 ni ajali, na ni kuanzia 74 ndipo wanafika palepale walipokusudia. Ajali moja ni dadu tatu za pande 10 za madhara kwa kila mtu, kisha wanarusha tena. Kaliangalie jedwali hilo kabla ya Jumamosi. Kuhusu kuchungulia, adui mwenye akili wa ngazi hiyo ana uchawi wa daraja la 4 tu unaofunga chumba kisichunguliwe wala kuingiwa kwa Safari kwa saa 24, na ukirudiwa mahali palepale kila siku kwa mwaka mzima unakuwa wa kudumu. Chumba kimoja cha namna hiyo kwenye ngome ya adui kinatosha. Ukivifunga vyote, umemnyang'anya shemeji haki ya levo yake.

Mume wako je? Alisema "mbeba mikoba". Wewe ulisikia "madhara yangu madogo", ukampa joka la kuua. Inawezekana ulisikia sawa. Inawezekana pia alikuwa anasema kwamba hakuna jambo pale linalomngojea yeye aamue. Hayo mawili yana dawa tofauti, na njia ya kujua ni kumuuliza mkiwa wawili, bila dadu mkononi. Mchezo huu ulipotoka mwaka 1974, chini ya Gary Gygax na Dave Arneson, askari wa levo ya 9 alikuwa bwana wa kujenga ngome yake. Mwaka 1984 lilitoka toleo la levo za 15 hadi 25 lenye kanuni za kutawala himaya na kupiganisha majeshi. Wazee wa mchezo walijua kwamba ukubwa wa askari, akishakua, uko katika watu walio nyuma yake. Mpe bandari, jahazi nne na watu 200 wanaomwita bwana, halafu kumbuka: Safari ya shemeji inabeba watu 8. Jeshi linatembea kwa miguu, na anayeamua lipite wapi ni askari. Hatari ni kuzama kwenye hesabu za mishahara na magunia ya mchele hadi mdokozi asinzie. Hesabu zifanyeni siku za wiki kwa ujumbe wa simu, barazani yaje maamuzi tu.

Kasi ya meza ni jambo dogo, ni mazoea tu. Dadu ya kupiga na dadu za madhara zirushwe pamoja. Mtaje anayefuata kabla wa sasa hajamaliza, ili tabibu asome wakati wa mwenzake. Aandike uchawi wake kumi anaoutumia sana kwenye vikadi. Madhara ya maadui tumia wastani: dadu nane za pande 6 ni 28, basi, usihesabu. Hapo mnaweza kuokoa hadi nusu saa au zaidi.

Hesabu yako ya majoka 42 ni sahihi, nimeirudia. Lakini kanuni zinaruhusu kupandisha levo kwa hatua ya hadithi badala ya pointi za uzoefu. Siku ya Jumamosi tatu, mwisho wake levo moja: levo tano ni Jumamosi 15. Ya 16 inabaki kwa ajili ya kuwa levo ya 20 kwa usiku mmoja. Inatosha, ila imebana kama daladala ya asubuhi. Harusi na misiba ya Tanga haifuati kalenda yako, na watu watapokea nguvu mpya kabla hawajaizoea ya jana. Kuishia levo ya 17 au 18 kwa mwendo wa kupumua ni njia halali. Kuishia hapa kwenye 15 nayo ni halali, endapo ni mwisho wa hadithi na si wa kukimbia mazungumzo. Kurudi levo ya 1 kuna utamu wake, lakini jiulize: wahusika wapya wakifika tena levo ya 13, utakuwa umebadilisha nini? Na shemeji hatakuwepo kuona.

Tamanio linatisha kwa jina. Akilitumia kuiga uchawi wowote wa daraja la 8 kushuka chini, halina madhara kwake. Akitamani kitu nje ya hapo, kila uchawi atakaofanya kabla ya kulala unamuumiza, nguvu za mwili wake zinashuka hadi 3 kwa siku kadhaa, na kuna asilimia 33 kwamba hatalitumia tena maisha yake yote. Kwa hiyo kazi yako ipo, tena tamu. Mtego mmoja tu uusemee mapema: ule uchawi wa daraja la 7 wa kutengeneza kivuli cha mtu, yaani nakala yake yenye uchawi wake. Kivuli chenye Tamanio kikitengeneza kivuli kingine, baraza halitatosha. Kubalianeni kwa mdomo kwamba kivuli hakizai kivuli.

Sasa lile la ndani.

Ulimwambia shemeji majoka hayalingani. Ni kweli, kwa kiasi. Zile 256 ni wastani wa dadu 19 za pande 12 kisha ujumlishe 133. Joka dhaifu kabisa lingekuwa na 152, na lenye nguvu kuliko yote 361. Ungeamua 361 kabla ya kukaa jamvini, ungekuwa ndani ya kanuni na ungemjibu bila kucheka. Lako lilifika 406, na hilo halimo kwenye dadu. Tena kwa hesabu yake lilikufa kwenye 398, yaani likiwa bado na pointi 8. Nadhani anachokiona kwenye daftari si zile 150. Anaona kwamba joka lilikataa kufa kwenye zamu yake na likakubali kufa kwenye zamu ya kaka yake, na mwamuzi ni mke wa kaka yake.

Sikuiti mwongo. Meza nyingi humruhusu msimulizi kurekebisha namba, na wachezaji wake wanajua anaweza kufanya hivyo. Swali ni kama ninyi mlikubaliana. Barua yako haisemi.

Ukimwambia shemeji peke yake, utakuwa umempa heshima yake, lakini pia umempa siri ya kumficha kaka yake hadi Mwanza. Je, huo ni mzigo wa haki kumtwika kijana? Ukimwambia mume kwanza, unaweza kumvunjia usiku alioupenda kuliko yote. Hata hivyo sijui kama utauvunja wote. Mizunguko ile miwili alisimama mbele ya moto wenye wastani wa madhara 63, akirusha dadu zake mwenyewe, na joka lililoongezewa uhai lilikuwa na nafasi mbili zaidi za kumuua. Hakuna aliyemrekebishia hayo. Yeye atayapima vipi, wewe unamjua kuliko mimi. Ukiwaambia wote wawili pamoja, mtakuwa na jioni ngumu na pengine yataisha siku ile, ila ndugu wawili wanaopeana kisogo barazani kwa mama yao ni jambo zito, na mama ataona. Ukinyamaza, usiku wa mume unabaki mzima, na shemeji ataondoka na hesabu yake kichwani. Wapo wanaoishi na hesabu kama hizo bila chuki. Yeye ameacha kuja na daftari, kwa hiyo sina hakika kama ni mmoja wao.

Chochote utakachochagua kuhusu lililopita, kuna jambo dogo la kufanya kuanzia Jumamosi hii. Kabla ya pambano, andika uhai wa kila adui kwenye karatasi, ikunje, iweke chini ya birika la kahawa mbele ya wote. Pambano likiisha, ifunguliwe na aliyehesabu. Unapoteza uhuru wa kurekebisha, na siku utakayokosea vipimo wanaweza kufa wote wanne, kwa hiyo weka njia ya kukimbia kwenye kila ramani. Lakini mtahitaji mtu wa kuhesabu, na pale barazani yupo mmoja tu anayeijua kazi hiyo. Karatasi yenyewe muombe yeye akuchanie kutoka kwenye daftari lake, kama atakubali kuja nalo.